Mfungo wa Chumvi

Mke wangu anaweza kushinda kutwa bila chakula wala maji, na bado akaimba, akapiga magoti, akafua mapazia na kuyaanika. Lakini mpe yai la kuchemsha lisilo na chumvi uone. Atalitazama kana kwamba umemletea kipande cha sabuni. Hili nimeliona kwa macho yangu, kwenye meza yetu hapa Donholm, na nusura linipokonye mke.

Nianze na ugonjwa wake wa moyo. Ulianza kumsumbua kwenye ngazi. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, na kwa miaka mingi alizipanda ngazi hizo na vikapu vya sokoni mikono yote miwili, akinitangulia na kuniuliza kama nimelala njiani. Halafu akaanza kusimama ghorofa ya pili. Alijifanya anasalimiana na jirani. Jirani mwenyewe hayupo, mlango umefungwa kwa kufuli, naye amesimama pale kashikilia chuma cha ngazi. Nikimwuliza, ananiambia ni gesi. Gesi, gesi, kila siku gesi! Alikunywa maji ya tangawizi, akanywa magadi, akatafuna vitunguu saumu mpaka nikawa nalala nimeelekea ukutani. Jumapili moja baada ya ibada akaketi sakafuni mle mle kanisani, jasho likimtiririka, akasema mkono wa kushoto umekuwa mzito. Hapo hakuna aliyetaja gesi tena.

Hospitalini walituambia mshipa mmoja wa moyo ulikuwa karibu kuziba kabisa. Wakampitishia waya mwembamba kuanzia kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni, wakauzibua, wakaacha ndani kijibomba cha waya wanachokiita stenti. Daktari alinionyesha mfano wake. Kilifanana na ile springi ya ndani ya kalamu, tena kidogo kuliko hiyo. Nilikiweka kiganjani nikashangaa. Mimi nimeendesha basi la shule maisha yangu yote ya kazi, nazijua springi zinazobeba watoto wa darasa zima na mabegi yao. Sasa mke wangu anabebwa na kitu ambacho kikianguka kwenye zulia hukioni.

Daktari huyo alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa kuwa binti yetu, msemaji wa polepole. Alituketisha mbele yake sote wawili.

"Mama," alisema, "mwili wako haukijui hiki kitu. Damu ikikipitia inataka kuganda juu yake. Hii dawa ndiyo inayoizuia. Asubuhi na jioni, mwaka mzima. Usiikose hata ukijisikia umepona, hata ukiwa safarini, hata ukikosana na mzee."

Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naogopa.

"Halafu chakula," aliendelea. "Chumvi kidogo sana, mafuta kidogo, nyama nono uiache, sukari upunguze. Na utembee kila siku. Mshipa mmoja tumeufungua, mama. Ile mingine bado iko, na inangoja kuona utakula nini."

Mke wangu aliitikia kila neno. "Ndiyo, daktari. Sawa, daktari. Mungu akubariki." Nikamwamini. Nilisahau kwamba mama huyu alikuwa karani wa ofisi miaka mingi, na hakuna mtu anayejua kuitikia vizuri bila kukubali kama karani wa ofisi.

Hapa kwetu Eastlands, ukitoka hospitalini, nyumba haikauki watu. Walikuja kina mama wa kikundi chake cha maombi, wakaja majirani wa ngazi yetu, wakaja wale tuliotoka nao kijijini Ukambani ambao sasa wako mitaa ya Njiru na Kayole. Kila aliyeingia alisema "Bwana asifiwe" na kuweka kitu mezani. Unga, sukari, mkate, soda, mafuta ya kupikia. Hakuna aliyekuja na tango. Na hawakuleta tu wakaondoka, la! Waliingia jikoni kwangu wakafunga leso kiunoni. Supu ikachemka mpaka utando wa mafuta ukakaa juu. Chapati zikakaangwa.

"Kula, mama, urudishe damu."

"Daktari amenikataza mafuta."

"Aa, kidogo tu! Kidogo tu itakufanya nini?"

Naye anakula. Kusema kweli sikumlaumu sana, kwa sababu najua tulivyo. Kwetu mgonjwa akisema daktari amenikataza, ni kama amefungua mjadala. Huyu atasema madaktari wenyewe wanakula choma kila Ijumaa, yule ana shangazi aliyekatazwa nyama na bado yuko hai. Mwisho utaonekana unaringa, au umemdharau aliyepika. Nimeichukia "kidogo tu" kuliko neno lolote la lugha hii. Kidogo tu ya huyu, kidogo tu ya yule, jioni mke wangu anavimba miguu na mashine ya presha inatoa namba za kunitisha.

Kutembea tulifaulu. Asubuhi tulishuka polepole, tukazunguka kuelekea barabara ya Outering, tukarudi kwa nyuma ambako kuna miti. Vijana wa pale kwenye kuosha magari walituzoea. "Niaje mzee! Leo umemshika mathe mkono, hiyo ni mapenzi!" Mke wangu anatabasamu na kunibana vidole. Nilizipenda asubuhi zile. Tulikuwa hatujatembea hivyo tangu tuoane, kwa sababu kazi ya basi la shule huanza kabla ya jogoo. Lakini tukirudi nyumbani, vita vya chumvi vinaanza.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipika. Nilipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe, nikaweka vitunguu, nyanya, dania, limau, kila kitu ila chumvi. Anaonja kijiko kimoja.

"Mzee, hiki ni chakula cha nani?"

"Chako."

"Nimekukosea nini?"

Anainuka taratibu, anakwenda kwenye kabati, anachukua mkebe wa chumvi mbele ya macho yangu, ananyunyiza. Hafichi. Nikifoka ananiambia nisipandishe presha yangu bure, tusije tukawa wagonjwa wawili na mpishi hakuna. Binti yetu, kitinda mimba, anacheka mpaka anaweka simu chini. "Dadi, we relax tu. Mathe hawezani."

Huyu binti ndiye aliyekuwa kiini cha mambo yote. Kabla mama yake hajaugua, kijana mmoja alikuwa ametuma wazee kubisha hodi. Watu wao wanatoka magharibi, Kakamega huko, na kijana amezaliwa hapa hapa Eastlands, sawa na binti yangu. Sasa sisi Wakamba, binti hahesabiwi ameolewa mpaka waletwe mbuzi wa ntheo, wachinjwe, pande mbili zikae zile pamoja. Usipokula ntheo, hata wakiishi pamoja mpaka wazeeke, kwetu ni wageni tu wanaoonana. Siku ilikuwa imeshapangwa. Ule ugonjwa ukaiahirisha.

Nilidhani kilichoahirishwa ni sherehe tu. Kumbe mke wangu alikuwa ameweka na jambo lake.

Alipopata nguvu tukapanga upya. Sherehe ingefanyika Njiru, kwa mdogo wangu mwenye uwanja, maana safari ya kijijini daktari alikuwa hajairuhusu. Wiki kadhaa kabla ya hiyo siku, asubuhi ya Jumatatu, nilipika chai, nikaweka vidonge vyake kwenye sahani ndogo kama kawaida, na glasi ya maji kando. Akaisukuma sahani kwa kidole.

"Nimefunga," akasema.

"Umefunga nini?"

"Nimefunga na kuomba. Wiki hii yote. Mpaka jioni."

"Sawa, chai iache. Meza dawa."

"Nikinywa maji nimefungua."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia ameze bila maji. Akaniambia kumeza ni kumeza. Nikakaa chini nikamwangalia vizuri, nikaona hakuna utani hapo. Akanieleza, bila haraka, mikono imefungana juu ya meza. Siku ile wanamsukuma kwenye kitanda kumpeleka kuwekewa kile kijiwaya, aliangalia taa za dari zikipita juu yake, akamwambia Mungu: ukinitoa huku nimwone mwanangu akitolewa mbuzi, nitakufungia wiki nzima, bila chakula wala maji, jua likiwa juu. Mungu amemtoa. Sasa mbuzi wanakuja, na deni lake hajalipa.

"Niliahidi, mzee. Nikiwa nimelala pale sina hata nguo yangu mwenyewe. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kutoa."

Ungesema nini hapo? Mimi nilisema mengi. Nilimwambia huyo Mungu ndiye aliyemwumba daktari. Nilimwambia dawa si chakula. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza daktari, akaitikia, na hakumeza. "Nitameza ya jioni," akasema. "Ya asubuhi tu ndiyo naiacha. Wiki moja si mwaka." Nilimpigia mama mwenyekiti wa kikundi chao cha maombi. Akaniambia, "Baba, ahadi ya mtu na Mungu wake mimi nitaingiliaje?" Nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo si la heshima, lakini nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yananipiga kelele.

Na jioni jamani! Afadhali ningekuwa kipofu. Saa kumi na mbili ikigonga kina mama wanaingia kumfungulisha. Chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, maandazi, chapati, mchuzi wa nyama wenye chumvi ya kutosha kwa sababu "ameshinda na njaa, maskini". Anakula kwa pupa ya mtu aliyenyimwa, anaimba, anaongozwa kwenye sala, na mara nyingine mpaka nimkumbushe ndipo kidonge cha jioni kinamezwa. Siku moja alisinzia kwenye kochi kabla sijakumbuka. Nilimwamsha. Akanung'unika kwamba namsumbua kama mtoto.

Katikati ya wiki hiyo alirudi kutoka maombi ya mchana peke yake. Nilikuwa dirishani, nikamwona anavuka uwanja. Nikangoja mlango ubishwe, haukubishwa. Nikashuka. Nikamkuta ghorofa ya pili, mbele ya mlango ule ule uliofungwa kwa kufuli, amekaa kwenye ngazi. Mkono uko kifuani. Hakujisumbua kunitajia jirani.

Nilipanda mbio kama kijana, nikachukua vidonge na chupa ya maji, nikashuka, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwekea kidonge kiganjani. Akakikunjia vidole.

"Jua halijazama," akasema.

Hapo ndipo nilipopasuka. Sikuwahi kumpigia mke wangu kelele nje ya mlango wetu, sisi si watu wa hivyo. Siku hiyo jengo zima lilinisikia.

"Jua! Unaniambia jua! Wewe mwanamke unamdanganya Mungu mchana kweupe! Unampa njaa, kwani njaa ni kitu kwako? Umelelewa na njaa, umefunga tangu ukiwa msichana, unaweza kufunga na huku unafua mapazia! Kitu unachokipenda hujampa! Chumvi hujampa! Mafuta hujampa! Kila siku nakuomba uache chumvi unaniambia ni kidogo tu. Mpe hiyo basi! Mpe hiyo tuone kama unampenda! Na mimi je? Mimi nani ananiuliza? Naogopa! Nasema naogopa, haya, wote wasikie! Naogopa kubaki peke yangu kwenye ile nyumba!"

Machozi yakanitoka. Juu kule mlango ulifunguliwa ukafungwa tena polepole. Mke wangu aliniangalia. Nadhani alikuwa hajawahi kuniona nikilia, hata tulipomzika mama yangu nilikuwa nashughulika na magari. Alifungua kiganja, akakitazama kidonge.

"Leta hayo maji," akasema.

Tulikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Walimfunga nyaya kifuani, wakampima damu, wakamlaza wamwangalie. Stenti ilikuwa bado wazi. Presha ilikuwa imepanda vibaya kwa ile chumvi ya jioni juu ya tumbo tupu. Daktari wetu hakumfokea. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, akamwambia watu hufunga, yeye mwenyewe hufunga, lakini katika mwaka huu wa kwanza kuacha dawa hiyo hata siku chache kunaweza kuifanya stenti izibe ghafla, na ikiziba ghafla wengi hawafiki hospitalini. "Umebahatika, mama. Usirudie." Mke wangu hakuitikia "ndiyo, daktari". Kwangu hiyo ilikuwa dalili nzuri, maana safari hii alikuwa amesikia.

Lakini aliporudi nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alimeza dawa asubuhi na jioni bila neno. Tulitembea, hakuongea. Vijana wa kuosha magari walitupigia kelele zao, akapunga mkono tu. Nilijua ni nini. Alikuwa amevunja ahadi yake katikati, na alikuwa ameivunja kwa ajili yangu. Hakunilaumu hata mara moja. Mimi nilifurahi kwamba anameza, na wakati huo huo niliumia kumwona anakaa dirishani mikono imefungana, na Biblia imefungwa kwenye mapaja.

Alhamisi ndiyo siku ya kikundi chao. Alhamisi hiyo alirudi kabla ya giza, akapanda ngazi bila kusimama, akavua viatu, akaja moja kwa moja jikoni nilikokuwa nasonga ugali.

"Nimewaambia kina mama nimeanza mfungo mwingine," akasema.

Haki nilitaka kurusha mwiko dirishani.

"Mfungo gani tena?"

"Ngoja nimalize. Dawa nameza. Maji nakunywa. Chakula nakula." Akafungua kabati, akatoa mkebe wa chumvi, akauweka mbele yangu juu ya meza. "Nimefunga chumvi. Na mafuta ya mgando, na nyama yenye mafuta. Ulisema kweli pale kwenye ngazi, ingawa ulisema kwa kelele za makanga wa matatu. Nilikuwa nampa kile nisichokionea uchungu."

"Sasa hiki kitakuwa cha siku ngapi?"

"We pika," akaniambia.

Usiku huo alikula ugali na mboga zisizo na chumvi. Alitafuna kwa muda mrefu, macho amefumba nusu, uso umekunjamana kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Kijiko cha pili. Cha tatu. Alipomaliza alifuta mdomo akasema, "Ni kibaya, mzee. Ni kibaya sana." Kisha akaniomba maji ameze vidonge.

Kilichofuata sikukitarajia. Wale wale kina mama wa "kidogo tu" waligeuka. Mtu akimwambia mwenzake daktari amenikataza, watambembeleza mpaka ale. Lakini mtu akisema nimefunga, nani Eastlands atamwekea chakula mbele? Hakuna. Ni dhambi. Sahani inaondolewa mbio, tena kwa kuomba radhi. Mama mwenyekiti, ambaye chapati zake zilikuwa zinadondosha mafuta, alianza kuja na matango na sukuma wiki ya kuchemshwa, na akimkuta mtu ameshika mkebe wa chumvi jikoni kwetu anamuuliza kama anataka kumwangusha mwenzake. Hata mimi nilifokewa kwa kunyunyizia yai langu mwenyewe. Ebo! Nyumbani kwangu! Miezi yote ile nilikuwa nimebishana kwa presha na mishipa na maneno ya daktari, na kumbe nilikuwa natumia lugha isiyoingia mlango huo.

Miguu yake iliacha kuvimba. Mashine ya presha ikaanza kutoa namba za kibinadamu. Polepole nikaona hata uso haukunjamani tena akila, ila hilo hakulikubali. Alisema bado ni kibaya.

Siku ya ntheo ikafika. Njiru kulikuwa na vumbi na jua zuri, hema limefungwa uwanjani kwa mdogo wangu. Mbuzi wawili tuliwachukua kutoka machinjio ya Kiamaiko, tayari wamechinjwa, na mmoja wageni walimleta mzima kama desturi inavyotaka, akalia njia nzima mpaka majirani wakatoka kuangalia. Wageni walikuja wamependeza, wakaimba tangu langoni. Tulisalimiana, tukazungumza yale ya kuzungumzwa, nyama ikaiva. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama kwenye jiko nikichoma kipande kimoja cha paja, kisicho na mafuta, pembeni kabisa, kisiguswe na chumvi wala na kisu kilichogusa chumvi.

Shangazi wa kijana alikuwa mama mkubwa, mcheshi, ndiye msemaji wa upande wao. Nyama ilipowekwa kwenye mbao, alichagua ubavu mnono kuliko zote, mafuta yanametameta, akauchovya kwenye lundo la chumvi, akasimama, akavuka hema lote huku wenzake wakipiga vigelegele, akaunyosha mpaka mdomoni kwa mke wangu. Amlishe kwa mkono wake. Hiyo ni heshima kubwa, na watu wote walikuwa wanaangalia.

Mke wangu aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauteremsha taratibu.

"Asante, mama. Lakini nimefunga."

Vigelegele vilikatika. Nilimwona binti yangu akibadilika uso. Shangazi alibaki na ubavu mkononi.

"Umefunga? Siku ya mbuzi wa mtoto wako?"

Aliposema hivyo nilikuwa nimekwisha fika na kile kipande changu kwenye sahani. Mke wangu alikichukua, akakata, akala mbele yao wote. Akatafuna akameza.

"Mbuzi nimemla," akasema. "Mtoto ni wenu. Hiyo chumvi na mafuta ndivyo nilivyomwachia Mungu."

Hema likapumua. Mtu akasema amina, mwingine akaanza kucheka, shangazi akajichekea mwenyewe, akaula ule ubavu yeye mwenyewe na kulamba vidole. Lakini hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Akavuta kiti akakaa karibu na mke wangu.

"Na huo mfungo wako unaisha lini?"

"Siku nitakayokufa."

"Jameni! Kwani umeomba nini kikubwa hivyo?"

Tangu siku ile ya ngazini mke wangu hakuwahi kunitajia kwamba nilisema naogopa, hata kwa utani, na mimi nilikuwa nikimshukuru kwa hilo. Sasa aliinua kidole chake chenye mafuta kidogo ya mbuzi, akanielekezea mimi, niliyesimama pale na sahani tupu.

"Huyo mzee," akasema. "Anaogopa kubaki peke yake."

Walicheka wote, wao na sisi, binti yangu akajifunika uso kwa leso. Mimi pia nilicheka. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya nyumba, na saa ya dawa yake ilikuwa imefika. Nikaingia ndani kumletea maji.